Kadi ya Bima kwa Figo Moja

Siku ya kwanza ya mwezi wa saba, saa tatu kamili asubuhi, Mamlaka ya Bima ya Afya kwa Wote ilitangaza kwamba kuanzia dakika hiyo hakuna mtu nchini atakayeugua bila kuhudumiwa. Tangazo lilisomwa kwa vipaza sauti, likabandikwa ukutani, na kwa ajili ya wale wasioamini kuta, likapigwa muhuri. Wote wamo. Maana ya neno "wote" ilipatikana katika Jedwali la Tatu, kurasa kumi na moja, maandishi madogo, na aliyeiandika alikuwa Mhakiki Mkuu wa Ukazi. Wenzake walimwita Bwana Kifungu, mbele yake na nyuma yake, naye alilibeba jina hilo kama nishani.

Bwana Kifungu hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana hadithi hii haina watu wabaya. Ina watu wenye mafaili. Alifika kazini kabla ya mlinzi. Alikula chakula cha mchana juu ya gazeti ili asichafue meza ya umma. Katika miaka kumi na saba ya utumishi hakuwahi kumwambia mtu "haiwezekani" bila kumwonyesha ukurasa. Alikaa nyuma ya dirisha namba nne, lenye kioo kilichotobolewa tundu chini mno, kiasi kwamba kila aliyetaka kuongea na Mamlaka ilimbidi ainame. Wananchi walilalamika. Mamlaka ikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikakaa miezi minane, kikashauri wananchi wainame.

Wiki ya pili ya wote kuwa wamo, waliinama pale mume na mke.

"Habari za kazi, bosi," akasema mume.

"Njema. Hali yako ya ukazi ikoje?"

"Inashughulikiwa."

"Tangu lini?"

"Mwaka huu inatimiza miaka kumi na tisa."

Bwana Kifungu akainamisha kichwa kwa heshima. Faili la miaka kumi na tisa ni faili ambalo halijaharakishwa.

Mume alikuwa fundi friji. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akavuka akiwa na miaka ishirini na miwili na mkoba wa spana, akaoa, akazaa watatu, na kwa miaka thelathini na moja akatengeneza nusu ya mafriji ya mji, pamoja na yale ya chanjo katika hospitali ya serikali. Miaka minne iliyopita figo zake zote mbili ziligoma. Mkewe, mpishi wa shule, raia wa kuzaliwa, akampa moja ya kwake. Tangu hapo Fundi alimeza vidonge asubuhi na jioni, na vidonge hivyo alivipata hospitali bila maneno mengi, mpaka lilipokuja tangazo la wote. Sasa dirisha la dawa lilitaka kadi. Kadi ilitaka ukazi. Vidonge vilivyobaki nyumbani vilikuwa vya siku kumi na moja.

"Na usipovimeza?" akauliza Bwana Kifungu, kwa sababu fomu ilikuwa na kisanduku cha swali hilo.

"Mwili unaistukia figo, bosi. Unajua si ya kwao. Unaitimua."

"Kwa utaratibu gani?"

"Hakuna utaratibu. Inakufa, na mimi naifuata."

Bwana Kifungu akaandika: *Mwili wa mwombaji una uhakiki mkali wa ndani.* Kwa kweli aliuonea wivu kidogo. Kisha akageuza Jedwali la Tatu, ukurasa wa sita, akaligandamiza kwenye kioo ili Fundi ajisomee mwenyewe kwamba hamo katika wote.

"Baba watoto, hebu nipishe," akasema mke. Akainama yeye, kwa namna ya mtu aliyezoea kuchungulia masufuria makubwa. "Kaka yangu, mimi ni raia?"

"Kitambulisho kinasema hivyo, mama."

"Mkono wangu huu ni raia?"

"Ni sehemu yako."

"Figo yangu ya kushoto?"

"Nayo."

"Na ya kulia, ambayo nimempa huyu? Nani aliifuta uraia? Mlikaa wapi? Mbona sikuitwa?"

Foleni nzima ikacheka. Bwana Kifungu hakucheka. Kilichomgusa hakikuwa huruma, kilikuwa hoja. Katika miaka kumi na saba alikuwa ameletewa machozi, vyeti vya kughushi na kuku mmoja, lakini hakuwahi kuletewa hoja. Akasimama, akafungua faili jipya, na mahali pa jina la mwombaji akaandika: *Figo (ya kulia).*

Kamati ya Uhakiki wa Viungo iliundwa kesho yake. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, mtu wa kifua kipana na sauti ya kufungulia mikutano, na wajumbe walikuwa Daktari wa Mamlaka, Mwanasheria wa Mamlaka na Bwana Kifungu. Maji ya chupa yaliletwa. Hoja ikasomwa.

"Figo iliondoka nchini?" akauliza Mwanasheria.

"Hapana," akasema Daktari. "Ilitoka kitanda namba saba, ikaenda kitanda namba nane."

"Umbali?"

"Mita mbili."

"Ilivuka mpaka wowote?"

"Ilivuka pazia."

Bwana Kifungu akaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba pazia lilikuwa mali ya serikali. Wakaendelea. Siku ya kwanza walimaliza suala la kama figo iliyokaa miaka minne ndani ya mgeni inapoteza uraia (haipotezi, kwa kuwa haikuapa kiapo kingine). Siku ya pili walimaliza suala la ajira (haihitaji kibali cha kazi, kwa kuwa inafanya kazi nchini kwake). Siku ya tatu ilikwenda yote kwenye hali ya ndoa, wajumbe wakigawanyika kati ya "ameolewa" na "ametengana". Daktari alijaribu mara mbili kusema kwamba mgonjwa ana vidonge vya siku chache. Alijibiwa kwamba Kamati inalitambua hilo, na utambuzi huo ukaandikwa.

Siku ya nne Mkurugenzi Mkuu akagonga meza.

"Sawa, figo ni raia, tuipe kadi. Lakini tusije tukafungua mlango! Leo kaja mtu na figo, kesho anakuja mtu na jino la shangazi yake anataka kulazwa. Huyu mtu mwenyewe, kwa ujumla wake, ni wa wapi?"

"Kwa ujumla ni wa kule," akasema Bwana Kifungu.

"Basi tuandike. Mwili hufuata moyo. Moyo ukiwa wa hapa, mtu ni wa hapa. Moyo ukiwa wa kule, mtu ni wa kule, hata kama ndani yake kuna figo za wizara nzima."

"Na moyo wenye mchanganyiko?" akauliza Mwanasheria, anayelipwa kuuliza.

"Moyo wenye sehemu yoyote ya kigeni ni wa kigeni. Zibeni mianya yote!"

Bwana Kifungu akaandika haraka, kalamu ikimtelezea kwa raha. Katika maisha yake hakuwahi kuona kanuni nyoofu hivyo. Ikawa Waraka Namba Kumi na Nne.

Kadi ya figo ilitoka zikiwa zimebaki siku nne za vidonge. Ilikuwa kadi nzuri, ngumu, yenye kung'aa. Mahali pa picha paliwekwa ile ya hospitali, kivuli cha kijivu ndani ya kivuli cha kijivu. Jinsia: Ke. Kazi: Kuchuja. Hali ya ndoa: Inapitiwa. Bwana Kifungu aliikabidhi mwenyewe, akatoka hata nje ya dirisha, jambo ambalo mlinzi alilisimulia kwao.

Fundi aliigeuza mbele na nyuma. "Na mimi, bosi? Niko wapi humu?"

"Nyuma. Mstari wa mwisho."

Fundi akasogeza kadi kwenye mwanga. "'Mahali pa kazi.'" Akamgeukia mkewe. "Mama watoto, umesikia? Mimi ni mahali pa kazi."

"Basi kuanzia leo utafagiliwa," mkewe akasema. "Twende tukachukue dawa kabla hawajakuwekea geti."

Wakaenda dirisha la dawa. Baada ya nusu saa wakarudi. Mkewe hakuwa anatania tena.

"Mfamasia anasema kadi ni sawa," akasema, "figo ni sawa, dawa zipo, ziko pale kwenye rafu naziona. Lakini dawa inamezwa kwa mdomo. Na mdomo sio wa figo."

Bwana Kifungu akalitazama suala, akawaeleza. Mfamasia alikuwa sahihi, tena kwa namna iliyomfurahisha mtaalamu. Kabla ya kuifikia figo, dawa ingelazimika kupita mdomoni, kooni na tumboni, maeneo yote matatu yakiwa ya mgeni, na mali ya Mfuko wa Bima haiwezi kukatiza eneo la mtu asiye mnufaika bila kibali cha kupitisha.

"Kibali hicho kinatoka kwa nani?" akauliza mke.

"Kwa Mkurugenzi Mkuu. Atasaini siku ya uzinduzi wa Waraka, Ijumaa. Nyinyi wawili ni wageni wa heshima. Yaani, mama na figo ni wageni wa heshima. Baba anaruhusiwa kuisindikiza."

"Ijumaa jioni ndiyo kidonge cha mwisho," akasema Fundi taratibu. Hakuwa anamlaumu mtu. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba gesi imekwisha, friji litapoa mpaka jioni tu. "Najua mashine, bosi. Ikizima siku moja haiwaki vilevile."

Bwana Kifungu alitaka kusema jambo. Alilitafuta ukurasa wa sita, akalitafuta ukurasa wa saba. Halikuwamo. Siku hiyo gazeti lilikuwa juu ya meza, chakula juu ya gazeti, na hakula.

Ijumaa ikafika. Ukumbi wa Mamlaka ulijaa waandishi wa habari, viti vyenye vitambaa vyeupe, na bango la urefu wa ukuta: MWILI HUFUATA MOYO. Mpishi alikaa safu ya mbele, Fundi pembeni yake, kadi ikining'inia kifuani kwa utepe. Mkurugenzi Mkuu alihutubia kwa dakika hamsini. Alisema nchi jirani zinatuonea gere. Alisema uhakiki huanzia juu, na ili kuthibitisha, yeye mwenyewe, hapa hapa, mbele ya kamera, atakuwa mtu wa kwanza kuhakikiwa kwa Fomu Namba Kumi na Nne.

Makofi. Bwana Kifungu akapanda jukwaani, kalamu mfukoni, fomu mkononi, na mbele yake mashine mpya iliyounganishwa na kadi za nchi nzima. Maswali manane ya kwanza yalipita kama maji. Akafika la tisa.

"Je, moyo wako una sehemu yoyote isiyotokana na mwili wako wa asili?"

Uso wa Mkurugenzi Mkuu ukang'aa. Hili lilikuwa somo alilolipenda. Hakuna harusi aliyohudhuria bila kulisimulia.

"Ninayo!" akasema kwenye kipaza sauti. "Vali, kile kilango cha damu. Miaka mitatu iliyopita, hospitali kubwa kabisa ya ng'ambo. Madaktari kumi na wawili! Leo napanda ngazi kama kijana."

Makofi tena. Bwana Kifungu akasubiri yaishe.

"Vali ya chuma, au ya kiumbe?"

"Ya kiumbe. Za kisasa. Ya ndama."

"Ndama wa wapi?"

Hapo ndipo ukumbi ulipoanza kunyamaza, safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Wa... wa kule kule," akasema Mkurugenzi Mkuu. "Kwani mimi nilimuuliza?"

"Aliingia nchini kwa kibali gani?"

"Nani?"

"Ndama."

"Hakuingia ndama, wewe! Nimeingia mimi!"

"Kwa hiyo aliingia bila kutamkwa mpakani," Bwana Kifungu akasema akiandika.

"Kifungu," Mkurugenzi Mkuu akanong'ona, mkono juu ya kipaza sauti, tabasamu likiwa bado limesimama peke yake usoni, "andika 'haihusiki'."

Bwana Kifungu akaitazama kalamu. Angeweza. Ni neno moja, na mkono wake ulilijua vizuri. Alitazama chini, akaona safu ya mbele, akaona kadi ya figo ikipanda na kushuka kwenye kifua cha mtu anayepumua, na mtu huyo alikuwa na kidonge kimoja mfukoni. Kama Mkurugenzi anaandikiwa 'haihusiki', basi zile kurasa kumi na moja, na zote alizowahi kuwaonyesha watu, hazikuwa sheria. Zilikuwa uonevu alioufanya yeye, kwa mwandiko mzuri, miaka kumi na saba. Wazo hilo lilimtisha kuliko Mkurugenzi.

Akaandika: *Ndama. Wa kigeni.* Akabonyeza.

Mashine ikatoa mlio mfupi, wa adabu. Taa nyekundu.

"Mheshimiwa, naomba kadi yako."

"Ya nini?"

"Kukata. Moyo wenye sehemu yoyote ya kigeni ni wa kigeni. Umesema mwenyewe, siku ya nne, kabla ya chai."

Akaikata kwa mkasi wa ofisi, mara moja, katikati, kama utaratibu unavyosema. Kamera zote zilikuwa hewani. Mwanasheria akapanda jukwaani mbio, akamvuta Mkurugenzi Mkuu nyuma ya bango, na Bwana Kifungu akafuata kwa kuwa fomu ilikuwa haijasainiwa.

"Kuna jambo jingine," akasema Mwanasheria, akihema. "Sheria iliyounda Mamlaka, kifungu cha pili. Mkurugenzi Mkuu sharti awe mnufaika wa Mfuko. Kadi imekatwa. Muda wa kazi ukiisha leo, saa kumi, wewe si Mkurugenzi."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Tisa na dakika ishirini."

Kanuni katika Mamlaka hiyo hurekebishwa kwa miaka sita: mwaka mmoja wa kukusanya maoni, mitano ya kuyapoteza. Hii ilichukua dakika thelathini na nane.

"Andikeni," akasema Mkurugenzi Mkuu, jasho likimtiririka, "moyo ni wa hapa kama umekaa nchini miaka mitano."

"Vali yako ina mitatu," akasema Bwana Kifungu.

"Miwili, basi!"

"Lakini iliingia bila kutamkwa. Muda wa mtu aliyeingia kimyakimya hauhesabiwi. Ukurasa wa nane."

"Ufute ukurasa wa nane!"

Ukafutwa. Wakajaribu mioyo iliyokuja kwa ndege. Mwanasheria akasema ndama hakukata tiketi. Wakajaribu mioyo ya watumishi wa umma waandamizi. Akasema sheria haitungwi kwa ajili ya mtu mmoja, hasa kamera zikiwa hewani. Wakajaribu mioyo ya viumbe waliotoa huduma kwa taifa. Kila uzio walioujenga, walipomaliza kuupigilia misumari, walimkuta Mkurugenzi yuko nje. Kurasa zikafutwa moja baada ya nyingine. Bwana Kifungu aliziona zikienda, wa tisa, wa tano, wa sita, na alisimama wima kama mtu kwenye mazishi ya jirani: ana huzuni, lakini pia anahesabu viti.

Saa kumi kasoro dakika saba, sauti ikatoka upande wa pili wa bango. Mpishi alikuwa amechoka kusubiri kibali.

"Jamani, mnahangaika nini? Si muandike tu kila mwenye moyo unaopiga humu nchini, tukapike?"

Mwanasheria akamtazama Bwana Kifungu. Bwana Kifungu akafumba macho, akaisoma sentensi kichwani kutoka mwanzo na kutoka mwisho.

"Haina mwanya," akasema.

"Andika!" akapiga kelele Mkurugenzi Mkuu. "Andika, andika!"

*Mkazi ni kila mtu ambaye moyo wake unapiga ndani ya mipaka ya nchi.* Mstari mmoja, mahali pa kurasa kumi na moja. Bwana Kifungu aliomba aongeze maneno matatu tu, "baada ya kuhakikiwa", akakubaliwa kwa sababu hapakuwa na muda wa kumkatalia. Sahihi iliwekwa saa tisa na dakika hamsini na nane, wino ukamrukia Mkurugenzi kwenye shati.

Saa kumi na moja jioni Mfamasia alimpa Fundi vidonge vya miezi mitatu. Hakuuliza mdomo ni wa nani. Fundi alivipokea kwa mikono miwili, akanunua maji, akameza cha jioni pale pale dirishani, kisha akakaa kwenye ngazi. Mkewe alikaa naye. Mzaha aliuahirisha mpaka walipofika nyumbani.

Jumatatu Mamlaka ilifunguliwa chini ya utaratibu mpya. Waliokuwa nje ya wote walikuja wote: wauza maji, wafuma mikeka, yaya, wajenzi, bibi mmoja aliyebebwa mgongoni na mjukuu wake. Kazi ya Bwana Kifungu ilikuwa imebadilika kidogo. Hakuhitaji tena dirisha. Aliwekewa meza nje, chini ya paa la mlango, na kazi yake ilikuwa kushika kifundo cha mkono wa kila mtu, kuthibitisha kwamba moyo unapiga, na kuandika "unapiga". Hadi saa nne alikuwa ameshika mikono mia na tisa. Mingine ilikuwa na sugu, mingine ilinuka sabuni, mmoja ulitetemeka mpaka akaubana kwa mikono yake miwili. Hakuwahi kabla ya hapo kumgusa mwombaji. Aligundua kwamba yeye ni mzuri sana katika kazi hii.

Mkurugenzi Mkuu naye akaja, maana kadi yake mpya ilihitaji uhakiki kama ya mtu mwingine. Alijaribu kupitia pembeni.

"Foleni, baba," akasema bibi yule wa mgongoni.

Akasimama foleni. Jua lilimpata. Zamu yake ilipofika, akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono bila kumtazama aliye mezani. Bwana Kifungu akaushika, akafumba macho, akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu, kwa makini kuliko alivyowasikiliza wengine wote.

"Vipi?" akauliza Mkurugenzi Mkuu. "Haupigi?"

"Unapiga, mheshimiwa," akasema Bwana Kifungu kwa masikitiko ya kikazi, "ila una lafudhi. Hebu kaa pale kwenye benchi kidogo."